Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Magunga, Lambwe
9 Februari 1997

Kwa Nyanya yangu Nchagwa,

Nakusalimu kutoka huku penye jua kali. Mimi mzima, cherehani yangu nzima, na Joash mzima pia, bado anatundika mitego yake ya mbung'o kando ya mbuga, vile vitambaa vya buluu ambavyo watoto huviiba wakashonee kaptula. Nyasi zimekauka hata nyati wa Ruma wanatoka kutazama kama mashamba ya watu yana nafuu. Nambie goti lako linaendeleaje, na kama Gisiri bado anachimba dhahabu huko Masara au ameshapata akili.

Nyanya, kuna jambo, na nitalisema kabla sijabadili nia.

Mwezi uliopita walikuja wapimaji wa damu hapa sokoni. Si wale wa malale tuliowazoea. Hawa wanatafuta siko seli, ugonjwa ambao chembe za damu hujikunja kama mundu zikakwama kwenye mishipa. Wala hawakutaka wagonjwa. Walitaka watu wazima wenye afya zao, hasa wanaotaka kuzaa, wawaambie wamebeba nini. Joash ndiye aliyepewa kazi ya kupanga foleni kwa sababu watu wanamwamini. Mimi nilitaka kutoroka. Alinishika kidole yeye mwenyewe akacheka, "Wacha uoga, Nyangi. Hii ni kitu kidogo, hata mbung'o inauma kuliko."

Muuguzi wao anaitwa Liz. Aliniambia kwamba kila mtu hupata nusu ya damu kwa mama na nusu kwa baba, na kwamba mimi nusu yangu moja ina ule mundu. Siumwi na sitaumwa. Ila nikizaa na mwanaume mwenye nusu kama yangu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa.

Basi nikaenda nikamweleza mama yake Joash, maana bado tunakaa kwake. Mjinga mimi! Huku siku hizi ukisema damu yako ina kitu, watu wanasikia ukimwi tu, tumezika mno. Nilimweleza mara tatu kwamba huu si ule. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikakuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, kisichanganywe na vya wengine. Uzi wenyewe ameutoa kwenye cherehani yangu.

Sasa anasema damu ni ya baba. Anataka baba yangu apimwe ijulikane nimetoka kwenye shina gani, ndipo waende kuzungumzia mahari. Nilimweleza kwamba mimi ni wa nyumba ya mwanamke aliyeoa mwanamke, na baba hatajwi kwetu. Alifunika mdomo kwa kanga akaniuliza, "Sasa nyinyi mnazaliwaga na upepo?"

Nyanya, sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza. Ni nani?

Mjukuu wako,
Nyangi


Masara
2 Machi 1997

Nyangi,

Barua yako imefika inanuka omena. Aliyeileta sijui aliifunga wapi. Goti ni lile lile. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama anacheza. Gisiri hajapata akili. Juma lililopita alichukua sufuria yangu ya ugali akachomea ile zebaki yao ya kushikia dhahabu, kisha akairudisha jikoni kimya kimya kama mtu mwema. Mimi mwanamke mzima, shangazi yake, ndio nipike sumu! Nimeitupa chooni na sufuria, na nimemwambia akila tena kwangu atakula kwa viganja.

Kwa hiyo ninayajua mambo ya vyombo. Huyo mama ni mchafu. Anayemfungia binti wa watu uzi kwenye kikombe, uchafu uko moyoni mwake. Nilitema mate niliposoma, na nilikuwa ndani ya nyumba.

Sasa swali lako. Baba yako ni mimi.

Nilikwenda kwa kina mama yako na ng'ombe wangu kwa sababu tumbo langu halikutoa mwana wa kiume, na nyumba bila mwana hufungwa mlango. Nilimwoa mbele ya watu. Wazee wakanywa togwa. Mwanaume anayeitwa usiku katika nyumba kama hii ni kama mvua, huulizi ilitoka wingu gani, unapanda. Ndiyo desturi yetu Wakuria, na hao majirani zetu Wajaluo wanaijua vizuri sana wanapotaka kuazima fahali wetu. Akitajwa jina leo, kesho atakuja kudai wewe ni wake, na kesho kutwa ndugu zake watadai shamba.

Jina halitoki. Usiniulize tena.

Ninachouliza mimi ni kingine. Huyo Joash wako, anayeshika vidole vya wenzake, chake amekitoa?

Nchagwa, mwenye nyumba


Magunga
20 Aprili 1997

Nyanya mpenzi,

Pole kwa kukawia. Mvua zilianza, kila mtu akataka mwanawe awe na sare mpya siku ile ile. Hongera kwa ndama. Pole kwa sufuria. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama nina homa.

Nimekuwa natapika asubuhi. Nadhani ni haya maji ya mto.

Nilimwuliza Joash kama ulivyosema. Nilimwuliza kwa upole, akiwa anakula. Akasema, "Sasa mimi pia? Mtu mmoja kwa nyumba anatosha." Nikamwambia Liz alisema wazi kwamba baba yangu hana maana yoyote katika hesabu hii, mundu wangu umeshajulikana, sasa inatakiwa damu ya Joash tu. Akasukuma sahani. "Nyangi, mimi naonekana mgonjwa? Niangalie." Nikamwangalia. Ni mwanaume mzuri, Nyanya, hilo siwezi kukuficha, na nilipomwangalia nikairudisha sahani mbele yake.

Kikombe bado kina uzi. Sasa na sahani imeongezwa, ile iliyopasuka ukingo. Wageni wakija mama yake ananituma kisimani ili nisigawe chakula. Jumapili kanisani dada mmoja alisogea kwenye benchi akaacha nafasi ya watu wawili kati yetu, halafu akaniombea kwa sauti. Nilitamani kumtapikia, na siku hiyo ningeweza.

Joash anaona haya yote. Akinywa anakunywa kwenye kikombe cha familia, anafuta mdomo, anakwenda kwenye mitego yake. Usiku ananiambia nivumilie, mama yake ni mtu wa zamani. Anasema kama ningeleta tu kitu chochote kutoka upande wa baba, karatasi yoyote, mambo yangeisha.

Tena nina jambo jingine. Mama alipokuwa anaumwa ile mara ya mwisho, nikiwa darasa la sita, alikuwa akiita wavulana wawili. Nilidhani ni homa. Lakini nyuma ya ghala lako kuna mawe mawili ambayo hukuruhusu mtu ayakalie. Walikuwa kaka zangu? Waliumwa nini?

Nyangi


Masara
25 Mei 1997

Nyangi,

Mahindi yamefika kiunoni. Bashir, yule mwenye duka la vitambaa mjini Migori, anakusalimu. Lori lake linakuja Magunga kuchukua ngozi, ndilo litakaloleta bahasha hii. Ipokee mwenyewe mkononi, usimwachie huyo mama wa uzi.

Wapimaji wako walifika mjini, wakapiga hema karibu na stendi. Nikavaa gauni la kanisa nikaenda. Waliweka mistari miwili, wa kina mama na wa kina baba. Nikasimama kwa kina baba.

Kijana wa kuandika majina, Bonface, akanifuata. "Nyanya, line ya wamama ni ile."

"Naiona."

"Basi songa huko."

"Mimi ni baba. Andika hivyo."

Watu walicheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika mti. Nikamwuliza alioa kwa ng'ombe wangapi, akasema bado hajamaliza kulipa. Nikamwambia mimi nilimaliza kabla jua halijatua, kwa hiyo ni nani mwanaume kati yetu? Hakuna aliyecheka tena. Bonface akaandika.

Damu yangu ni safi. Hakuna mundu hata mmoja. Kadi ni hii, imeandikwa Nchagwa, baba wa Nyangi, na ina mhuri. Wape. Waimeze na chai.

Muuguzi alitaka kuniuliza kama kuna watoto waliokufa katika nyumba yangu. Nikamwambia naharakisha, gari linaniacha.

Uliniuliza habari nyingine pia. Ghala limejaa panya mwaka huu. Nitatafuta paka.

Kunywa maji yaliyochemshwa. Mimi nimeona wanawake wengi wakitapika asubuhi, na sijaona hata mmoja aliyefanywa hivyo na mto.

Nchagwa


Magunga
13 Julai 1997

Nyanya,

Heri paka ungempata. Huku tunaanza kuvuna, na mtama umekubali.

Kadi ilifika. Nilikaa nayo siku kadhaa ndani ya gunia la vitambaa kwa sababu niliona aibu, kisha nikaitoa. Nitakwambia yaliyotokea, nawe utafute mahali pa kutemea.

Mama yake Joash hajui kusoma, lakini aliona mhuri. Akaita shemeji zake. Mmoja akasoma, "Baba wa Nyangi, safi." Mama akapiga vigelegele! Kuku akachinjwa. Joash akapewa firigisi, akaila taratibu huku akinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Uzi ukakatwa kwa kisu mbele ya watu wote, nikamiminiwa chai, na yule mama akanikumbatia, mikono yake imejaa mafuta ya kuku, akasema, "Sasa wewe ni mtoto yangu." Nilihisi kinyaa kutoka shingoni mpaka kwenye nyayo.

Nyanya, sina hata tone la damu yako. Nakupenda, wewe ndiye baba yangu na sitaki mwingine, lakini kadi ile ni ya kidole chako. Mimi mundu wangu niko nao pale pale. Joash anajua. Amesimama na wapimaji siku tatu akisikia wakieleza, anaweza kueleza kuliko Liz. Yuko tayari kukubali kidole cha bibi kizee wa Masara kuliko kutoa chake. Nilimwambia hivyo usiku ule. Akasema mambo yamekwisha, nisichokonoe.

Si mto. Ulijua. Nina mimba ya miezi mitano.

Kwa hiyo sasa siulizi tena jina la mwanaume yeyote. Liweke. Nauliza hawa wavulana wawili. Mikono yao ilivimba? Walilia viungo? Nijibu, Nyanya. Mficha uchi hazai, na mimi tayari ninazaa.

Nyangi


Masara
10 Agosti 1997

Mjukuu wangu,

Sina salamu ndefu leo. Paka nimepata.

Ndiyo. Mikono ilivimba.

Wa kwanza alianza kabla hajasimama. Vidole vilivimba vikawa kama ndizi fupi, miguu pia, na macho yakawa ya manjano. Alikuwa akilia kabla hujamgusa. Watu walisema ni jicho la mtu. Tulichinja mbuzi, tukahamisha mlango wa nyumba ukatazama upande mwingine. Alikufa mvua za vuli. Wa pili alikuja mwenye nguvu, nikasema huyu ndiye. Alifika umri wa kuchunga ndama. Siku moja alirudi kutoka mtoni kanyeshewa, akasema miguu inaungua, na hakutoka tena kitandani.

Mimi si mtu wa kukaa na kulia. Mbegu ikikataa shambani mara mbili, hubadilishwa. Nilimwita yule mwanaume, nikamwambia asije tena kwangu, nikatafuta mwingine. Huyo mwingine ndiye alikuleta wewe, na wewe hukuvimba kitu. Nikasema, unaona? Nilijisifu kwa wanawake wenzangu.

Sikukwambia kwamba mama yako alimlilia yule wa kwanza. Alimpenda. Katika nyumba kama yetu jambo hilo halipaswi kutokea, lakini linatokea. Aliniangukia miguuni, akasema kosa si la huyo mtu. Nikamwambia la nani basi, lako? Hakuwahi kunitazama vizuri tangu siku ile mpaka namzika.

Sasa naona lilikuwa la wote wawili na si la yeyote. Nusu kwake, nusu kwake. Yule mtu nilimpaka matope, naye ana wajukuu leo, wazima wanacheza.

Hayo ndiyo yote niliyonayo. Msomee Joash. Msomee neno kwa neno, hasa penye vidole. Akikataa tena, mlete hapa, nitamdunga mwenyewe kwa sindano ya kushonea magunia.

Na sikiliza. Hao hawajatoa ng'ombe hata mmoja, wametoa kuku tu na wakamla wenyewe. Mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa nyumba ya mama yake, hata wao wanalijua hilo. Mlango wangu uko wazi, umetazama huku ulikohamishiwa.

Nchagwa


Magunga
4 Januari 1998

Nyanya yangu,

Heri ya mwaka mpya. Sijui kama uliniandikia tena. Hizi mvua za El Nino zimekata daraja, barua hazikuingia wala kutoka, na Bashir alituma neno kwamba lori lilikwama kwenye tope wiki nzima likaota nyasi. Leo barabara imefunguliwa ndipo naandika.

Barua yako ya Agosti nilimsomea Joash jinsi ulivyotaka. Tulikuwa sisi wawili, anashona kitambaa cha mtego. Nilipofika penye vidole aliniambia niache. Sikuacha. Nilipomaliza aliukata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Hata mimi."

Nikamwuliza hata wewe nini.

"Nina nusu. Sisi wa kusaidia tulipimwa kwanza, huko Homa Bay, kabla wakuje hapa sokoni."

Nyanya, alijua. Siku ile anashika kidole changu akicheka, alikuwa ameshajua chake. Nilipoambiwa nusu yangu alijua tuko wawili. Alikaa miezi yote ile anatazama kikombe changu kimefungwa uzi, naye amebeba damu ile ile, anakunywa kwenye kikombe cha familia. Alikula firigisi. Na mtoto huyu, hesabu miezi, tulimpata yeye akijua na mimi sijui.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Sikutaka mama anione vile alikuona." Ndiyo sababu yake yote. Aliisema kwa upole kabisa, akitegemea nimwonee huruma. Nilitoka nje nikatapika, na safari hii haikuwa mimba.

Singeweza kusafiri kwa mvua zile na tumbo lile, kwa hiyo nilibaki, nikala chakula chao, nikanyamaza. Nilijifungua Novemba. Joash alilia mlangoni. Sikumfungulia, lakini simchukii kama nilivyodhani nitamchukia, nachoka tu nikimwona. Liz alipita mwezi uliopita. Anasema mtoto mchanga haoneshi bado, tusubiri afikishe nusu mwaka, na kama atakuwa nao kuna dawa za kumkinga na homa, kuna maji mengi na kumfunika asipate baridi, na wengine wanakua. Kaka zangu hakuna aliyewaambia hata hilo la baridi.

Jana walikuja shemeji wote kumwona mtoto. Mama yake Joash alipanga vikombe. Mimi nikaenda kwenye cherehani nikakata uzi mwekundu, nikaufunga kwenye mkono wa kikombe cha Joash, mafundo mawili, nikakimiminia chai nikamwekea mbele yake. Mama akauliza, "Hii ni mchezo gani?" Nikasema, "Muulize mwanao."

Chai ikapoa. Mama alimtazama, na Joash akaangalia chini, na nikaona mkono wa yule mama unatoka polepole kuvuta kikombe chake mwenyewe kando, mbali na cha mwanawe. Mwanawe wa kumzaa. Nilitaka kufurahi, Nyanya. Nilingoja furaha ije, haikuja. Niliwaonea kinyaa wote, na kidogo na mimi mwenyewe.

Lori la Bashir linaondoka Alhamisi. Nakuja na cherehani, gunia moja la vitambaa, na mtoto. Kikombe nimewaachia.

Ni mvulana. Najua umemngoja tangu kabla sijazaliwa. Ana nguvu, ananyonya kama ndama wako, na kila asubuhi kabla sijafungua dirisha navipapasa vidole vyake kimoja kimoja. Mpaka leo ni vyembamba.

Ukitoka kutupokea stendi, tafadhali Nyanya, mtazame uso kwanza. Mikono niachie mimi.

Wako,
Nyangi